Tundu, kizimba au mnyororo: mtoto wa mbwa akae wapi ukienda kazini?

Papasi aliletwa kwetu ndani ya pakacha, ana wiki tisa, tumbo limefura kwa minyoo na masikio yamejaa kupe. Jina alilipata siku ile ile, kwa sababu mbili: hao kupe, ambao kwetu huitwa papasi, na tabia yake ya kumwandama kila anayepita uwani akidai kitu, kama wale vijana wa mjini, nao huitwa papasi, wakimwona mgeni anashuka boti. Mama alimtazama, akatoa masharti kabla pakacha halijatuliwa chini. Haingii ndani. Hapiti nilipotandika msala wangu. Na chombo chake kiwe chake, kisije kikachanganyika na vyangu.

"Sasa atakaa wapi?" nikamuuliza.

"Huko huko kwenye kuku. Si wewe uliyesema wanaibiwa?"

Haya. Kuku kweli walikuwa wakiibiwa, na mbwa wa ulinzi ndiye tuliyemtaka. Ila mbwa wa wiki tisa halindi kitu, yeye ndiye wa kulindwa. Mimi natoka nyumbani Bububu saa kumi na mbili na nusu asubuhi nipate daladala ya 502, narudi saa kumi alasiri. Mke wangu anasomesha. Mama ana harusi zake na maziko yake, humkuti nyumbani siku mbili mfululizo. Saa zote hizo Papasi awe wapi?

Nimejaribu njia nne ndani ya miezi miwili, mnyororo, tundu, chumba na kizimba, na ya tano, kumwachia ua mzima, niliionja siku moja tu, hasa nimeiona Pemba kwa ami yangu. Nasema mapema upande wangu ulipo: kwa nyumba ya kawaida ya Unguja, yenye ua na yenye watu wanaosali, kizimba kivulini, yaani uzio mdogo wa kuhamishika, kinazishinda zote. Lakini si kila nyumba ni kama yetu. Zipo ambazo ningemwambia mwenyewe achague kingine kabisa, nitazitaja kila moja mahali pake.

Saa kwanza, kifaa baadaye

Watu wengi huanza kwa kuuliza bei ya tundu. Anza na saa. Kanuni inayotumiwa na wafugaji ni kwamba mtoto wa mbwa anaweza kuzuia mkojo kwa saa zinazolingana na miezi yake, ukaongeza moja: wa miezi miwili saa tatu, wa miezi mitatu saa nne. Huo ndio ukomo wake akiwa ametulia. Akiwa macho na anacheza, hakawii hata saa moja. Kulala hulala sana, saa 18 hadi 20 kwa siku, kwa hiyo sehemu kubwa ya asubuhi yako ya kazini yeye hata hajui kama umeondoka. Na chakula: mpaka afike miezi minne hivi anataka kula mara tatu au nne kwa siku.

Sasa weka hesabu hiyo mbele ya saa tisa na nusu ninazokuwa sipo. Hakuna njia yoyote kati ya hizi tano inayoondoa haja ya mtu wa kuja katikati. Sisi tulibahatika, mpwa wangu anasoma skuli mkondo wa mchana, asubuhi yupo. Humtoa Papasi saa tatu, humlisha na kumtoa tena saa sita kabla hajavaa sare. Kuanzia hapo mpaka nirudi ni saa nne za upweke, na mtoto wa wiki tisa uwezo wake ni saa tatu. Hiyo saa ya nne ndiyo iliyoamua mambo mengi kwetu.

Kama huna mpwa wala jirani wa kumtazama hata mara moja, bora usichukue mdogo hivyo. Tafuta wa miezi sita, au ngoja likizo.

Mnyororo

Ndiyo njia ya wengi, na ndiyo niliyoanza nayo kwa kuwa mnyororo ulikuwepo, wa mbuzi. Nilimfunga chini ya mpera, mita mbili za mnyororo, bakuli la maji pembeni, kivuli kizuri. Niliporudi alikuwa ameuzunguka mti mpaka mnyororo ukaisha. Pua imegusa gome, mguu mmoja wa nyuma uko juu kwa kuwa mnyororo umepita chini yake na kukaza. Bakuli lilikuwa hatua mbili kutoka kwake, limejaa vile vile lilivyoachwa, na kivuli kilikuwa kimeshahamia upande wa pili wa mti. Mpwa wangu alimwacha saa sita akiwa mzima, anarukaruka. Yote yale yalikuwa kazi ya saa nne.

Nilimfungua, akanywa mpaka akatapika.

Shingo ya mtoto wa mbwa ni laini, na akiruka kitu huku amefungwa anaweza kujinyonga. Lipo na jambo la tabia ambalo watu hulisifu bila kulijua. Mbwa aliyefungwa hana pa kukimbilia anapoogopa, kwa hiyo anajifunza kutisha na kuuma kwanza. Ndiyo maana mtaani husemwa mbwa wa mnyororo ndiye mkali. Ni kweli ni mkali, lakini ukali huo ni woga, na woga haumtofautishi mwizi na mtoto wa jirani aliyefuata mpira wake.

Sifa zake nazitoa kwa haki: gharama hakuna, na uchafu unabaki mahali pamoja. Kwa mbwa aliyekomaa, dakika chache mgeni akipita, sina neno. Kwa aliye chini ya miezi sita na peke yake, kwangu mnyororo haumo katika orodha.

Tundu

Rafiki yangu anayeangalia nyumba ya wageni Paje ana tundu la chuma la kukunja, aliachiwa na Mzungu aliyerudi kwao. Nikaliazima.

Tundu lina akili yake. Mbwa kwa asili hapendi kuchafua anapolala. Ukimweka mahali panapomtosha kusimama, kugeuka na kujinyoosha tu, atajikaza mpaka atolewe, na ukimtoa moja kwa moja hadi pale unapotaka aende haja, anajifunza haraka kuliko kwa njia nyingine yoyote hapa. Likiwa kubwa mno, analala kona hii na kukojoa kona ile, faida imekwisha. Kwa hiyo unanunua la ukubwa wake wa baadaye na kulizuia kwa kigawio, ukisogeza kila anavyokua. Na kabla ya kumwingiza, mvue mkanda wa shingoni, usije ukanasa kwenye nondo.

Lawama zangu ni mbili. Ya kwanza ni ile saa ya nne. Ukimfungia asiyeweza kujizuia mahali ambapo lazima achafue alipolala, unamfundisha kinyume chake: anazoea kulalia mkojo wake, na akishazoea, kumrudisha ni kazi. Siku ya pili tu Papasi alitolewa amelowa tumbo zima, akafanya kile ambacho kila mbwa aliyelowa hufanya. Alijipukusa. Mama alikuwa amekaa kwenye ngazi anachambua mchele.

Tuliosoma chuoni kwa madhehebu ya Shafi tunajua hukumu yake: kikavu kwa kikavu hakina neno, lakini unyevu wa mbwa ukigusa kitu huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mchele ulimwagwa. Ngazi iliogeshwa jioni nzima, na mimi ndiye niliyechota maji.

Ya pili ni joto, na hapa ndipo maelekezo mengi ya watu wa nchi za baridi yanapotupotosha. Wao wanaliweka tundu sebuleni, na juu yake wanatupia shuka ili liwe kama pango. Sisi wengine sebuleni hakuingiliki, na shuka juu ya tundu wakati wa kaskazi ni kumpika. Januari na Februari kivulini hufika nyuzi 32 au 33, na unyevunyevu wa bahari juu yake. Mbwa hatoki jasho kama sisi, ila kidogo chini ya nyayo. Hujipoza kwa kuhema, na hewa ikiwa imejaa unyevu, kuhema hakumsaidii sana. Joto lake la kawaida ni nyuzi 38 hadi 39 na kidogo, likipita 41 roho iko hatarini. Aliye ndani ya tundu hawezi kufuata kivuli wala kujilaza kwenye saruji tupu, na saruji tupu ndiyo anayoitafuta. Ukimkuta ulimi umetoka mrefu na mwekundu sana, mate mazito, anayumba, mmwagie maji ya kawaida ya bomba, si ya barafu, mpepee, na umkimbize kwa daktari wa mifugo.

Kwa hiyo tundu ni la nani? Ni la anayekaa fleti ya ghorofani, hana ua, ana feni au kiyoyozi, hana shida na mbwa ndani, na anaweza kurudi kila baada ya saa mbili au tatu. Huyo asihangaike na kizimba. Pia ni zuri usiku, mbwa akilala karibu na mtu. Kwa mfanyakazi wa kutwa, tundu peke yake halitoshi.

Chumba

Tulimhamishia stoo ya uwani. Kabla hajaingia nilipiga magoti nikatazama kwa urefu wake yeye, na naomba kila mtu afanye hivyo: nilikuta waya wa jokofu bovu, chupa ya mafuta ya taa, mfuko wa saruji uliotoboka, na chini kabisa ya rafu kijiko chenye sumu ya panya kilichosahaulika tangu masika iliyopita. Tulitoa vyote, tukaosha sakafu.

Basi akala mlango. Mtoto wa mbwa ana meno 28 ya utotoni, huanza kung'oka kwenye mwezi wa nne, na ya ukubwani, 42, hukamilika kwenye mwezi wa sita au wa saba. Kipindi chote hicho fizi zinamuwasha na kila kilicho mbele yake ni cha kutafunwa. Kona ya chini ya mlango wetu sasa ina umbo la mwezi mwandamo.

Tatizo kubwa halikuwa mlango lakini, lilikuwa bati. Stoo haina dari, dirisha lake ni tundu la tofali mbili, na saa nane mchana mtu mzima hakai mle dakika tano. Ukimfungia mbwa humo unamweka ndani ya tanuri lenye giza. Pia alilia, si kwa kuchoka, ni kwa hofu, maana haoni kitu. Tulipotoa mlango na kuweka lango la mbao la nusu, kilio kilipungua siku ile ile, na ndipo nilipoanza kuelewa kwamba alichokitaka ni kuona.

Mwenye nyumba ya Mji Mkongwe hali yake ni nyingine. Zile kuta nene za mawe na chokaa huweka ubaridi mchana kutwa, chumba cha chini chenye sakafu ya saruji au vigae na lango la nusu ni bora kuliko kizimba chochote atakachokibanza kwenye uchochoro. Huyo achague chumba. Sisi wa nyumba za tofali na bati tuache.

Kumwachia ua mzima

Nilimpigia simu ami yangu Wete.

"Shikamoo ami."

"Marahaba, mwanangu. Huyo mbwa hujamfungua tu?"

Ami ana shamba la muhogo na migomba, na mbwa wake kazi yao ni kuwafukuza tumbili. Nilipokwenda Pemba niliwaona mwenyewe: watoto wanne chini ya chanja cha vyombo, mama yao kajilaza pembeni, watu wako shamba tangu alfajiri. Hakuna anayefunga mtoto wa mbwa pale, wala hakuna haja. Nilipomweleza ratiba yetu akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Ah. Wangu hawana peke yao. Wako ana peke yake. Hilo jengine."

Mwenye hali kama ya ami, watu na mama mbwa wapo kutwa, asinunue chochote kati ya nilivyovitaja. Kitu kimoja tu asikiache, chanjo. Kichaa cha mbwa kilikuwa kimekwisha Pemba mwaka 2014, kikaingia tena 2016 kutoka bara wakati uchanjaji umelegea, na hakikuondoka mpaka 2018, baada ya mbwa kuchanjwa upya. Chanjo yake hutolewa kuanzia miezi mitatu. Zile za maradhi ya utotoni, pamoja na parvo inayowaharisha damu, huanza wiki ya sita hadi ya nane na kurudiwa kila baada ya wiki chache mpaka wiki ya 16. Kirusi cha parvo hukaa kwenye udongo miezi mingi, kwa hiyo mtoto ambaye hajamaliza chanjo na anazurura mpaka jaani anacheza na roho yake.

Kwa sisi wa karibu na mjini, ua wazi uliniogopesha kwa mambo ya kawaida tu. Ua wetu ni wa makuti, upande mmoja umeoza, na barabara haiko mbali. Kisima cha jirani mfuniko wake ni bati lililowekewa jiwe. Na jirani mwenyewe husali Alasiri barazani. Siku Papasi atakapomkimbilia akiwa kwenye sijida, mimi na yeye hatutaelewana tena, na nitakuwa mimi mwenye makosa.

Halafu kuna kunguru. Hawa weusi wenye shingo ya kijivu waliletwa Zanzibar kutoka Bara Hindi miaka ya 1890 wale taka za mji, na tangu hapo hawajashiba. Siku tuliyomwachia Papasi uani, mpwa wangu aliweka chakula, kunguru wawili wakashuka. Mmoja alimvuta mkia, Papasi akageuka, wa pili akabeba dagaa. Wakarudia mpaka bakuli likaisha. Mbwa wa ulinzi huyo.

Kizimba

Neno lenyewe linachekesha, maana hata mahakamani mshitakiwa husimama kizimbani. Hiki changu ni uzio mdogo tu usio na paa wala sakafu yake, unaosimama wenyewe na kuhamishika. Fundi wa kuchomelea alinifanyia vipande vinne, kila kimoja urefu futi 6 na kwenda juu futi 3 na nusu, kimoja kina mlango, vinaunganishwa kwa pini kwenye pembe. Wavu wake ni ule mzito wa miraba uliochomelewa, matundu ya inchi moja na nusu. Usikubali wavu mwembamba wa kuku. Anautafuna, unakatika, na ncha zake zinamchana mdomo. Kipande cha chini kilikuwa na ncha kama hizo, nilipitisha kiganja nikakatika mimi kwanza. Fundi akarudishwa kuja kuzisaga.

Kilichonishawishi ni nafasi. Ndani ya futi 6 kwa 6 unapata mahali pa kulala, mahali pa kula na mahali pa haja, na vitatu hivyo vinaweza kutengana. Kona moja nililaza kasha la mbao ubavu, ndani yake gunia la karafuu, hilo ndilo pango lake na halina mlango. Kona ya mbali kabisa nikaweka karai bapa lenye mchanga, na siku ya kwanza nikatia humo kitambaa kilichofutia mkojo wake ili harufu imwite. Katikati, chungu kizito cha maji asichoweza kukipindua. Ile saa ya nne ikikuta yuko humo, anaamka, anatembea hatua tatu, anakojoa mchangani na kurudi kulala. Siku tatu za mwanzo alikojoa kila mahali isipokuwa karaini. Ya nne akapatia mara moja. Baada ya wiki mbili alikuwa akikosea mara moja moja.

Joto nalo lina nafuu. Tulikisimamisha juu ya saruji, chini ya kipenu cha makuti. Makuti hayapitishi joto kama bati, na hewa inapita pande zote nne. Saa nane humkuta amelala chali kwenye saruji, miguu juu. Na usafi wa mama umetengemaa kuliko kwa njia nyingine yoyote: mipaka inaonekana kwa macho, mbwa yuko ndani ya wavu, msala uko upande wa pili wa uwani, ufagio wake na ndoo yake vina alama ya rangi nyekundu. Sakafu ina mteremko, maji ya kuosha yanakwenda kwenye migomba.

Kasoro zake zipo, na hazikuchelewa kujitokeza. Kwanza anajifunza usafi polepole kuliko wa tunduni, kwa sababu anaruhusiwa kukojoa humo humo. Pili, tulikiweka mwanzo karibu na mwembe, na majimoto, wale sisimizi wakali wa mitini, wakashuka kwa safari kufuata mabaki ya chakula. Kelele aliyoipiga Papasi siku hiyo ilisikika mpaka msikitini. Tulikisogeza, na tangu hapo mabaki hayalazwi. Tatu, mvua za masika haziji wima. Upande wa upepo lazima uwe na turubai la kuteremsha.

Nne, kupanda. Akiwa na miezi minne nilikuwa kazini simu ikalia.

"Mjomba, yuko juu."

"Juu wapi?"

"Juu ya wavu. Kanasa tumbo, miguu ya mbele huku, ya nyuma kule."

Alitolewa salama. Miraba ya wavu ilikuwa ngazi yake, hatukuwaza hilo. Tulifunga bati laini kwa ndani, futi moja na nusu kutoka juu, kucha zinateleza. Ungeweza pia kumwambia fundi aweke nondo za wima badala ya wavu tangu mwanzo, na ningeanza upya ndivyo ningefanya.

Ukitaka kuziona zote pamoja:

| Njia | Akiachwa saa nne, miezi 2 | Joto la kaskazi | Usafi wa nyumba | Gharama |
|---|---|---|---|---|
| Mnyororo | Hatari | Hutegemea kivuli kinachohama | Mzuri | Hakuna |
| Tundu | Atalalia mkojo | Baya bila feni | Mbaya akilowa | Kubwa, hupatikana kwa shida |
| Chumba | Sawa kikiwa kitupu | Bati baya, kuta za mawe zuri | Mzuri | Lango tu |
| Ua wazi | Kwa mwenye watu nyumbani | Zuri | Haudhibitiki | Hakuna, ila ukuta |
| Kizimba | Sawa | Zuri chini ya makuti | Mzuri | Ya kati, ya fundi |

Kumzoesha, njia yoyote utakayochukua

Usimwingize siku ya kwanza ya kazi ukaondoka. Sisi tulianza Ijumaa mchana. Chakula chake chote aliwekewa humo, mlango wazi, anaingia na kutoka. Jumamosi tukafunga akiwa anakula, tukafungua kabla hajamaliza. Kisha dakika mbili, kisha tano, mtu amekaa karibu. Jumapili tukatoka nje ya geti kabisa, dakika kumi, tukarudi bila kumshangilia. Kizimba kisiwe adhabu hata siku moja. Akila kiatu, kosa ni la aliyekiacha.

Kilio kisikilize vizuri kabla hujaamua kukipuuza. Kuna kile cha kudai, kinapanda na kushuka, ananyamaza kukusikiliza kama unakuja. Hicho subiri kidogo kikatike ndipo uende. Kuna kingine, hakikatiki, mate yanamtoka, anakwaruza mpaka kucha zinatoka damu au anang'ata chuma. Huyo ana hofu ya kweli ya kuwa peke yake, na kumfungia zaidi kunaizidisha. Mrudishe nyuma kwenye dakika mbili, na kama haibadiliki mtafutie mtu wa kukaa naye.

Mpe cha kutafuna. Mifupa iliyopikwa hapana, hupasuka vipande vyenye ncha, na vichwa vya samaki vyenye miiba vivyo hivyo. Makumbi ya nazi niliyajaribu nikayatoa, nyuzi zake anazimeza. Nilipata ushauri wa kufunga mafundo kanga kuukuu, kuilowesha maji na kumpa imtulize fizi. Ushauri mzuri kabisa, ulifanya kazi wiki nzima. Siku ya nane upepo uliangusha kanga ya mama kutoka kwenye kamba, jozi mpya, haijakatwa bado, ikaangukia juu ya wavu. Papasi, kwa jinsi alivyofundishwa, kanga ni yake. Sasa tunatumia kamba ya katani iliyosukwa nene, na kamba ya nguo tumeihamishia mbele ya nyumba.

Amefika miezi saba. Meno yote yamekamilika, chanjo zimekwisha, anajizuia tangu asubuhi mpaka mpwa wangu anapokuja saa sita, na mlango wa kizimba tangu mwezi uliopita haufungwi mchana. Yeye mwenyewe huingia saa sita jua likikaza, hujilaza kwenye saruji. Jirani wa nyuma, yule yule mwenye kisima, juzi aliniuliza kwa sauti ya chini kama kizimba hicho kikimaliza kazi naweza kumwazima, naye kuku wake wameanza kupungua. Nimemwambia achukue mwisho wa mwezi, ila vipande viwili vya mbele aviwekee nondo za wima kabla hajaleta mbwa.